Mwalimu Nyerere na mtoto asiye na ada



Ukifika mwezi wa Oktoba, huku Chiwata na vijiji vyote vya Masasi na Newala, watoto wa shule wanakuwa na hesabu zao kichwani. Korosho zinaanza kwenda mnadani. Bei ikiwa nzuri, mzazi atanunua sare, madaftari, godoro na tranka kwa yule anayetarajiwa kuingia kidato cha kwanza Januari. Bei ikiwa mbaya, mtoto ataripoti shuleni amechelewa, au hataripoti kabisa. Kila mmoja wetu anamjua mwenzake aliyefaulu akabaki nyumbani.

Na ni mwezi huohuo wa Oktoba, tarehe 14, ndipo tunamkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Wengi wetu tuliozaliwa juzi juzi tunamjua kwa picha ya ukutani na kwa siku ya mapumziko. Leo naomba tumwangalie kwa upande mmoja tu: alifanya nini kuhusu mtoto mwenye akili ambaye kwao hawana hela. Maana hili lilimsumbua maisha yake yote, na mengine aliyoyafanya kwa ajili hiyo yaliwaudhi hata Wakatoliki wenzake.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, karibu na Musoma, mashariki ya Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Kwa hiyo tusimtengenezee hadithi ya mtoto maskini kuliko wote. Alichunga mbuzi, alilima na mama yake, alikula mlo mmoja kama watoto wengine wa Kizanaki wa wakati ule, lakini alikuwa mtoto wa mtemi. Na hilo ndilo lililomfungulia mlango. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma mjini, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Shule zile za serikali ya wenyeji zililenga hasa wana wa machifu, ili Waingereza wapate watu wa kuwasaidia kutawala. Watoto wenzake aliochunga nao mbuzi walibaki Butiama. Hawakuwa wajinga. Baba zao hawakuwa watemi, basi.

Nadhani hapo ndipo pa kumwelewa Mwalimu. Alijua tangu utotoni kwamba nafasi aliyoipata haikugawiwa kwa akili peke yake.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka 1937, shule ya serikali iliyokuwa maarufu kuliko zote za Waafrika Tanganyika. Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Katikati ya miaka hiyo yalitokea mambo mawili. Baba yake alifariki mwaka 1942. Na tarehe 23 Desemba 1943 Kambarage alibatizwa, akachagua jina la Julius. Alikuwa na miaka 21, mtu mzima, na hakuna aliyembeba kanisani. Mafundisho alianza kuyafuata tangu yuko Mwisenge, akiongozana na rafiki yake kwenda misheni ya Nyegina. Wewe uliyebatizwa ukiwa mchanga jaribu kufikiria: huyu alikuja kwa miguu yake.

Pale Makerere aliandika insha akitumia mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill kueleza hali ya wanawake wa Kizanaki, ikashinda tuzo. Dada zangu, hii mwandikie kwenye daftari lako. Kijana wa miaka ya 1940, mtoto wa mtemi mwenye wake 22, anakaa anawaza kuhusu mzigo aliobeba mama yake.

Alipomaliza mwaka 1945 alikuwa na milango miwili Tabora. Shule ya serikali ilimtaka, na Shule ya St. Mary's ya Mapadre Weupe ilimtaka pia. Serikalini kulikuwa na mshahara wa uhakika zaidi na pensheni. Akaenda St. Mary's. Huko alifundisha historia na biolojia, na huko akawa karibu na Padre Richard Walsh, mkuu wa shule, aliyemsukuma na kumsaidia kutafuta nafasi ya kusoma Ulaya. Mwaka 1949 alipata ufadhili akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akatunukiwa shahada ya M.A. mwaka 1952. Watanganyika Waafrika waliokuwa wamesoma chuo kikuu cha Uingereza kabla yake unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vikabaki.

Narudia: ufadhili. Hela ya kumsomesha ilitoka kwa mtu mwingine. Bila hiyo, mwalimu wa misheni mwenye ndugu wengi wanaomtegemea asingefika Edinburgh kwa mshahara wake.

Aliporudi alifunga ndoa na Maria Gabriel Januari 1953, akafundisha St. Francis College, Pugu, shule ya Wakatoliki nje kidogo ya Dar es Salaam. (Shule hiyohiyo baadaye alisoma kijana mmoja wa Lupaso, hapa Masasi, anaitwa Benjamin Mkapa. Tutarudi kwake.) Mwisho wa wiki Mwalimu alishuka mjini kwenye siasa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi akatakiwa achague, chaki au siasa. Akaacha kazi. Ghafla akawa hana mshahara, ana mke na watoto wadogo. Akarudi Butiama, na kwa miezi michache akajipatia riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll, Arthur Wille, na kutafsiri naye mafundisho ya dini kwa lugha hiyo.

Haya mengine ya uhuru mnayajua kutoka shuleni, nayapita. Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru na yeye akawa kiongozi wake.

Sasa tazama alichokikuta. Shule zilikuwa za aina tatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na hela iliyotumika kwa mtoto mmoja wa Kizungu ilikuwa mbali kabisa na ile ya mtoto mmoja wa Kiafrika. Waafrika waliokuwa shule za msingi mwaka 1961 walikuwa kama 490,000, wengi wakiishia darasa la nne. Sekondari nchi nzima walikuwa 11,832. Kidato cha sita? Wanafunzi 176. Yaani nchi nzima, wanaingia kwenye kanisa moja la parokia na viti vinabaki.

Na hao wachache walitoka wapi? Walitoka zaidi kule ambako wamisionari walijenga shule nyingi na kahawa ilileta hela: Kilimanjaro, Bukoba. Kusini kwetu misheni zilikuwepo, tena za zamani. Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 wakiwa na watu waliokombolewa utumwani, na Chiwata pakawa moja ya vituo vyao. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Lakini eneo ni kubwa, barabara mbaya, mvua za masika zikikata njia mmekatika, na juu ya uwanda wa Wamakonde hata maji ya kunywa ni safari. Mtoto wa Newala kufika kidato cha kwanza ilikuwa kama muujiza.

Mwalimu alianza mapema. Januari 1962 shule za rangi ziliunganishwa. Mwaka 1964 ada za sekondari za serikali zilifutwa. Lakini kufuta ada si kumaliza tatizo, na hilo lilijionyesha haraka. Mwaka 1967 serikali ilikuwa inatumia zaidi ya asilimia 20 ya mapato yake kwenye elimu, kama shilingi milioni 147, na bado watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari. Maana yake mkulima wa mpunga Rufiji na wa korosho Masasi walikuwa wanalipa kodi kumsomesha mtoto wa mtu mwingine, ambaye akimaliza anawaona wao washamba.

Ndiyo maana tukio la Oktoba 1966 lilimkasirisha vile. Serikali ilikuwa imetaka wasomi wa chuo kikuu waingie Jeshi la Kujenga Taifa na kwa muda wapokee sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akawarudisha nyumbani kwa wazazi wao karibu 400. Kwa nchi yenye wasomi wachache vile, ni kama mkulima kuchoma mbegu zake. Wengi walirudishwa chuoni baadaye. Lakini kuna jambo wanaosimulia kisa hiki wanalisahau: wanafunzi walikuwa wamemwambia usoni kwamba wakubwa nao wanalipwa mno, na yeye akaona wanasema kweli. Siku hiyohiyo alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wa viongozi wenzake wa juu nao ukakatwa. Binafsi naona hapa ndipo Injili inapomgusa mtu mfukoni. Rahisi sana kuwahubiria vijana kujitolea wakati wewe hujatoa kitu.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea.

Sasa tufike penye moto. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu, na shule karibu zote za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa mali ya serikali. Seminari ziliachwa. Nyingine zote zikaenda: St. Mary's Tabora alikoanzia ualimu, Pugu alikoacha chaki, Ndanda ya Wabenediktini, Chidya ya Waanglikana hapa jirani yetu Chiwata. Fikiria mapadre na masista waliojenga madarasa yale kwa tofali za mikono yao na sadaka za maskini wa Ujerumani. Fikiria wazee wetu waliobeba mawe. Na anayezichukua ni Mkatoliki anayesali Misa karibu kila siku!

Sababu yake ilikuwa hii. Shule nyingi nzuri zilikuwa za Wakristo, na mtoto wa Kiislamu alikuwa na njia nyembamba ya kuingia, au aingie kwa kubadili dini. Mishahara ya walimu wa shule zile kwa sehemu kubwa ilikuwa tayari inalipwa na serikali, yaani na wote, Waislamu wakiwemo. Pwani na kusini, wenye Waislamu wengi, ndiko elimu ilikokuwa nyuma. Hakuweza kuliacha hivyo na akasema nchi ni moja.

Je, alikosea? Wapo wazee wa Kanisa waliobaki na kidonda hicho hadi kufa, na siwezi kuwalaumu. Shule nyingine zilianza kuchakaa baada ya masista kuondoka, hilo nalo ni kweli. Lakini kuna watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wa vijiji vya Masasi waliokaa dawati moja pale Ndanda na Chidya bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Hao nao wana haki ya kuhesabiwa. Mimi nikiwekwa niamue, naona nia ilikuwa ya haki na utekelezaji ulikuwa wa haraka mno.

Halafu ikaja hatua nyingine ambayo ndiyo hasa nilitaka vijana wa huku tuijue. Mwaka 1973 ada za shule ya msingi zilifutwa. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba watoto wote wawe shuleni ifikapo mwaka 1977. Na kwa nafasi za sekondari, ambazo zilibaki chache, serikali ilianza kuzigawa kwa mikoa na wilaya kwa kufuata idadi ya watoto, badala ya kuwapanga wote kwa alama kwenye foleni moja ya taifa.

Tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani: mtoto wa Newala mwenye alama pungufu aliweza kupata nafasi, na mtoto wa Moshi mwenye alama za juu zaidi akaikosa. Hapo patamu, na pachungu. Yule wa Moshi alikosa nini? Hakuwa amefanya kosa. Ila yule wa Newala alisoma chini ya mwembe, mwalimu mmoja madarasa mawili, kitabu kimoja watoto kumi, na kabla ya kengele alishateka maji bondeni na kupanda nayo mlima. Ukiwapimia wote rula moja, umepima nini hasa? Akili, au umbali wa kisima?

Ndiyo hoja ileile ambayo leo nchi nyingine wanaitekeleza kwa kuziongezea hela shule zenye watoto maskini wengi. Tanzania ya miaka ya sabini haikuwa na hela ya kuongeza. Ilichokuwa nacho ni viti, ikagawa viti.

Matunda yalikuwa ya pande mbili. Vijijini wananchi walijenga madarasa wenyewe, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu harakaharaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya watoto 90 kwa kila 100 walikuwa wameandikishwa shule ya msingi, wasichana karibu sawa na wavulana. Nchi maskini namna ile! Upande wa pili, ubora ulishuka, madarasa yalijaa, chaki zikaadimika. Kilimanjaro wazazi na makanisa wakajibu kwa kujenga sekondari zao binafsi kwa wingi, na pengo lililozibwa mlango wa mbele likaingia kwa dirisha. Na tusisahau kwamba miaka hiyohiyo watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa. Mwalimu hakuwa malaika. Kanisa linapochunguza maisha yake, hayo nayo yanawekwa mezani.

Aling'atuka Novemba 1985, uchumi ukiwa hoi baada ya vita vya Kagera na bei za mafuta. Ada na michango zilirudi miaka hiyo, na watoto wakaanza kupungua darasani. Yeye akiwa Butiama analima, aliyaona haya yote yakibomoka na hakunyamaza.

Hapa ndipo anaingia yule kijana wa Lupaso. Benjamin Mkapa, akiwa Rais, alifuta tena ada ya shule ya msingi, na mwaka 2002 mpango wa MMEM ukaanza na ruzuku kwa kila mwanafunzi, iliyokadiriwa dola 10 kwa mwaka. Wanafunzi wa msingi wakaongezeka kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Lakini angalia: ruzuku ni ileile kwa mtoto wa Masaki na kwa mtoto wa Chiwata. TASAF inazipa kaya maskini kitu kidogo ili watoto wasikose shule, na hiyo inasaidia. Ila sare, chakula cha mchana, nauli ya kwenda bweni na lile godoro bado vinangoja korosho. Kikundi cha vijana cha parokia kinachochangia madaftari ya yatima wanne kinafanya kazi ambayo hesabu ya serikali bado haijaifikia, na wala kisijione kidogo.

Turudi kwa Mwalimu. Uzeeni alikaa akaziweka Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili. Zilichapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Umeona? Aliowachukulia shule ndio waliomchapia Injili. Hakuna aliyeandika barua ya msamaha ninayoijua, ila mimi nikiviona vitabu vile naona kuna kitu kilishapona.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa kansa ya damu, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kila tarehe 1 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wa Uganda na Tanzania wanakusanyika Namugongo kumwombea, na Mama Maria, mjane wake, amekwenda huko mara nyingi. Wanaotoka kusini husafiri siku kadhaa kwa basi, kutoka Masasi hadi Dar es Salaam, kisha Bukoba na kuvuka mpaka Mutukula.